Mzee Pua Amenyamaza

Jumatatu, 6 Oktoba

Meneja ametangaza leo: Jumatatu ijayo kila kompyuta iwe na mfumo mpya. Wa zamani hautafungua tena rekodi za mikutano, na kazi yangu mimi ndiyo hiyo — kusikiliza rekodi na kuzipiga chapa. Asiyekuwa tayari atapangiwa kazi nyingine. Kisha, mbele ya wote, akaniambia fundi wa ofisi atanisaidia, maana sioni. Nikasema asante, nitaweka mwenyewe. Mtu akakohoa.

Mara ya mwisho fundi huyo aliniondolea Mzee Pua. Ndiyo sauti inayonisomea yaliyo kwenye kioo. Jina nimempa mimi, kwa sababu anaongea kwa pua. Fundi alidhani ni kirusi! Wiki tatu nilikaa ofisini kama pambo. Safari hii kompyuta nimeibeba nyumbani wiki nzima, haigusi mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimenakili kazi zote za ofisi kwenye flashi. Shajara hii sikuiweka. Miaka tisa ya mambo yangu, halafu niyaache kwenye kidude kinachopotea mfukoni? Tena nyumba hii ina wasomaji. Jioni dada yangu mkubwa amesimama nyuma ya kiti changu, anajifanya anakunja nguo. Eti, unaandika nini, mdogo wangu? Kazi, nikamwambia. Achungulie mpaka shingo imuume. Haoni kitu.

Maelekezo nimeyasikiliza mara nne. Nina woga kidogo. Nimefurahi pia, nikiri.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo naandika kwa nukta nundu, kibao gotini, natoboa karatasi kama enzi za shule. Kompyuta haisemi.

Nilianza saa tisa alasiri. Mzee Pua akahesabu vizuri: asilimia kumi, thelathini, tisini. Akasema kompyuta itajizima na kujiwasha. Ikajizima, ikajiwasha. Kisha basi. Nikaweka kiganja ubavuni mwake: feni inazunguka, joto lipo. Iko hai, ila imenisusa. Nikabonyeza vitufe vya kumwita Mzee Pua. Mara moja. Mara kumi. Nimesubiri saa tatu nzima nimeitegea sikio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bado.

Nimempigia mwenzangu tuliyesoma naye shule ya wasioona. Anasema pengine kuna swali kwenye kioo, Ndiyo au Hapana, linangoja jibu. Nitafute mwenye macho anisomee. Nikamkatia simu kana kwamba kanitukana. Hasira hiyo nimekaa nayo mpaka mchana. Kisha nikamwita dada.

Akainama. Pumzi yake ikanigusa sikio. Hapa ni giza tupu, mdogo wangu. Hakuna swali, hakuna chochote. Alisema polepole, kwa sauti ya msibani. Shemeji naye akaitwa. Imekufa hiyo, akasema, akarudi kwenye redio yake.

Basi nimeiua mwenyewe. Kiburi changu ndicho kilichoiua, na wote ofisini walinisikia nikijigamba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amekuja fundi wa mtaani, yule tunayemwita Dakika Moja. Hata hakuketi. Kioo cheusi, sista. Niachie, nitaifuta yote niweke mfumo upya. Na vilivyomo? Hivyo vihesabu kuwa vimekwenda. Nikasema chukua. Nilisema kweli, kwa kinywa changu. Kazi ni Jumatatu. Shajara nitailia baadaye.

Nimempigia meneja. Ana huruma yule mtu, na ndiyo inayoniumiza. Usijali, amesema, kiti cha mapokezi kipo. Mapokezi! Kukaa, kutabasamu, kuelekeza watu mlango nisiouona. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia ili nisisikike.

Jumamosi, 11 Oktoba

Dada kaleta chai, kisha hakuondoka. Akakaa kitandani kwangu. Pete yake inagonga kikombe, kwa hiyo ana jambo. Mwishowe akalitoa. Nisimkasirikie, lakini mbona kompyuta yangu siku zote ilikuwa giza vile vile? Hata nilipokuwa naandika, na ile sauti inaongea? Yeye alidhani zetu sisi wasioona ndivyo zinavyotengenezwa.

Nikaiweka chai chini.

Mwezi wa tatu nilipunguza mwanga wa kioo mpaka mwisho kabisa. Ili yeye asisome. Juzi kwa hofu sikulikumbuka, maana kwangu mwanga na giza ni mamoja. Alhamisi swali lilikuwepo palepale mbele ya macho yake, na mimi ndiye niliyelifunika.

Sikumgombeza. Kwa lipi? Nikampigia Dakika Moja. Mara ya tatu akapokea, mchangamfu. Sista, kioo chako kizima, mwanga tu ulikuwa chini! Na mfumo wako haujafa, ulikuwa umekwama kwenye swali. Nimeshalijibu.

Nikamuuliza swali lilisemaje.

Kitu kuhusu mafaili ya zamani, akasema. Kuyatunza au kuyafuta, mojawapo. Hakulisoma lote, lilikuwa refu. Alibonyeza Ndiyo.

Nimemwambia asiguse tena kitu. Avute kiti, akae, anisomee kila neno lililo kwenye kioo, kuanzia juu kabisa, asiruke hata moja. Akasema, dakika moja. Simu iko mezani, spika nimeifungua, mimi natoboa nukta nikingoja kusikia kama shajara yangu ipo. Huko kwake kiti kinaburutwa. Anakohoa. Anasema haya, naanza. Dada ameushika mkono wangu wa kushoto, ule wa kushikilia kibao, na nimemwachia.