Kikapu cha Kibet

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umetoka kuchuma chai, na mgongo umekuachia kidogo. Mama alisema mvua ya mawe ilipiga shamba la juu. Je, majani yameanza kutoka tena? Mimi na Shangazi tuko salama. Shule inaendelea, ila siku hizi nikisoma hakiingii kitu. Nafungua kitabu, nasimama, nakaa tena. Kwa simu nashindwa kukuambia, kwa sababu ukisema “tutaona” mimi humrudishia Shangazi simu.

Ni juu ya ndugu yangu Kibet. Shangazi anasema mtakuja Nairobi Desemba twende wote bustani ya michezo, lakini umeamua Kibet abaki Mogogosiek, eti yeye na Kogo watatunzana, nyanya na mjukuu. Najua ni kwa sababu ya yale ya maonyesho ya kilimo, alipojitupa chini kwenye foleni ya bembea, na mama fulani akasema mtoto huyu hajafunzwa adabu. Nilikuona ukimbeba hadi langoni bila kugeuka.

Kwa hiyo Jumamosi nilimwomba Shangazi twende tukaione hiyo bustani kwanza. Treni ndogo haitamfaa, ina king'ora kitakachomshtua. Lakini kuna gurudumu kubwa la viti. Nililipanda, Baba, nikiwa nimefumba macho ili nisikilize tu. Linazunguka polepole, na mota yake inavuma kama zile feni za kiwanda cha chai, ambazo Kibet huzisikiliza sikio likiwa ukutani hadi tumvute.

Shida ni foleni. Watu wanasukumana, na wewe unajua akiguswa mgongo anavyokuwa. Nilisimama karibu na kijana anayefunga viti hadi akaniuliza, “Dada, unapanda tena ama unahesabu misumari?”

Nilimwambia ndugu yangu hawezi kusimama kwa foleni, lakini kikapu chake kinaweza.

“Kikapu?”

Nikamweleza jinsi kwetu, kwenye kituo cha kupimia majani, kila mtu huweka kikapu chake kwenye laini kisha aende akae kivulini hadi lori lije. Nikamweleza kwamba Kibet ana chake kidogo chenye kamba nyekundu, na kikiwa kwenye laini anaweza kungoja mchana wote, akikiangalia kutoka mbali.

Akamwita msimamizi wake. “Mama Shiru, kuja usikie. Huyu anataka kikapu kipange laini.”

Mama Shiru alicheka hadi akashika chuma. Mimi nilitamani kuondoka, lakini sikuondoka. Kisha akaniuliza, “Na watu wa kwenu hawakirukagi?”

“Hawakiruki.”

“Hata mwenye haraka?”

“Hata mwenye haraka. Wanakisogeza pamoja na vyao.”

Akanionyesha mti ulio kando ya foleni. “Mlete asubuhi, kabla watu hawajajaa. Akae pale chini ya ule mti. Kikapu nitasogeza mimi mwenyewe, na atakayekiruka atanijua.”

Baba, siku ile ya maonyesho ulimwambia aache kikapu nyumbani, watu wa mjini wasicheke. Sikulaumu. Hapa wamecheka, nikawaona, halafu wakaacha.

Shangazi anataka kuomba ruhusa kazini na kupanga pa kulala wiki hii, na hajui tutakuwa wangapi. Sitaki kupanda lile gurudumu huku nikijua Kibet amekaa mlangoni kwa Kogo akiangalia barabara.

Mwambie Mama soksi zilifika na zinanitosha. Msalimie Kogo, na karani wa kituo anayemsalimia Kibet kwa mkono kama mzee mwenzake. Shangazi anakusalimu, anauliza ng'ombe mweusi amezaa nini.

Kama ni vigumu kunijibu, usinijibu. Siku mtakaposhuka kwenye basi sitaangalia nyuso kwanza. Nitaangalia kama kuna kamba nyekundu.

Anayekukumbuka kila jioni,
binti yako, Chelangat