Kiti Kando ya Kitanda cha Mtoto

Mjukuu wangu Athieno,

Hapa Iyolwa tuko salama, mvua imeanza vizuri. Unauliza kama kiti cha mzazi kitakula nafasi bure katika wodi ya watoto wachanga unayoichorea ramani.

Nimefungua shajara yangu ya mwaka aliozaliwa mama yako, kabla miezi haijatimia. Nilikuwa nimekaa kitini kando ya kitanda chake hospitalini, nikaandika: "Kila mlango unapofunguliwa, upepo unampiga mtoto." Nikamwambia muuguzi.

"Kijana, umekuwa daktari lini?"

"Leo, sista. Nimekaa hapa tangu asubuhi."

Akakaa kitini pangu. Mlango ukafunguliwa, upepo ukampiga naye. Tukakihamisha kitanda.

Kiti kiweke. Mama yako anakusalimu. Ameenda kupalilia mihogo, na mlango ameuacha wazi.

Babu yako