Senene kwenye Sahani ya Nyakato

Jumatatu, 4 Novemba
Dukani Omurushaka mchana kutwa. Nimeuza vitenge viwili tu. Nimerudi nyumbani Ihanda, nikawakagua pacha wangu midomo kama kila jioni. Ishengoma ana meno mapya manne ya mbele, makubwa kweli. Nyakato, dada yake, pengo tupu tangu likizo ya Juni. Shuleni wanamwita Kibogoyo. Naogopa.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimempeleka Nyakato kituo cha afya. Daktari wa meno alianza na mzani, nikashangaa. Kisha akamgusa ufizi. Anasema meno yamo ndani, ila mtoto ni mwepesi mno kwa umri wake, na watoto wa namna hiyo mara nyingi meno hukawia. Anakula nini? Nikajibu kwa majivuno: ndizi, maharage, na mayai kila siku, nanunua trei mwenyewe.
Nyakato akasema taratibu, "Mayai ni ya Ishengoma. Bibi alisema wasichana hawali."
Aibu niliyoipata!

Ijumaa, 8 Novemba
Hasira tupu. Mama mkwe ndiye anayewalisha nikiwa dukani. Shikamoo ya leo nimeitoa shingo upande. Mume wangu kaomba aongee na mama yake yeye mwenyewe. Kaongea. Bibi akachukua jembe akaenda mgombani. Kalelewa hivyo: mayai, kuku, hata senene, panzi wa msimu wa mvua, vyote vya wanaume. Wanawake walikamata senene, wakakaanga, wakanusa harufu basi.

Jumamosi, 23 Novemba
Senene wameanguka! Alfajiri kijiji kizima nje na ndoo. Bibi kawachambua mabawa, kawakaanga kwa chumvi. Sahani ya kwanza kaiweka mbele ya Nyakato. Mtoto ananitazama, hathubutu. Bibi akachukua mmoja, akamtia kinywani mwake mwenyewe. Bikizee huyu, hajawahi kuonja maishani. Akatafuna polepole, macho kafumba.
"Kula, mjukuu wangu. Wanaume tumewapikia vya kutosha."
Nimelia jikoni kama mjinga. Hasira imeisha yote.

Jumapili, 2 Februari
Mvua. Nyakato kaongezeka uzito, gauni la kanisani linambana. Baada ya ibada Bibi kanishika kidole, kakiweka kwenye ufizi wa mtoto. Kuna kitu kigumu, kina makali. Tumekaa hivyo wote watatu.
Asante Mungu. Asante mama, hili nimemwambia Bibi mwenyewe.
Nimechemsha mayai mawili ya pacha. Nikaongeza la tatu. Bibi naye anataka.