Damu ilisema hatari, wao wakasikia kifo

Kasongo, Jumanne. Mvua ndogo tangu asubuhi, matope mpaka mulangoni.

Munisamehe, nyinyi munaosoma hapa. Nimekaa sana bila kuandika. Mutoto anaota meno, Ramazani analala akiwa amekaa, na mimi nikishika simu, usingizi unanishika kwanza.

Kwa wasiojua: Ramazani ni bwana yangu. Mushipa mukubwa unaotoka kwenye moyo wake ulivimba, wakamupasua kifua ng'ambo ya ziwa, wakamuwekea kipande kingine. Alirudi muzima, ila bado hatembei peke yake. Anakula. Anagombana nami juu ya chumvi niliyopunguza.

Wiki iliyopita dokta wa hapa alipima damu yake. Akanieleza polepole, maana masomo yangu ni machache: baada ya upasuaji kama ule, damu inaweza kuonyesha kama figo zinaumia, kabla ya mwili wenyewe kuonyesha. Kile kipimo wanakiita kreatinini. Yake imepanda.

"Iko hatari, mama, si hukumu. Ameze dawa, tutapima tena."

Shemeji Saidi, mudogo wa Ramazani, alikuwa amesimama mulangoni. Alishika nusu ya maneno, akaenda nayo kwao: damu imesema kifo.

Tangu siku hiyo watu wanakuja kama kwenye kilio. Wanaleta sukari, wanatandika mukeka. Ukuta wetu ni wa matete tu, na mugonjwa yuko nyuma yake.

"Alikuwaka mutu muzuri," mama mukwe anasema.

"Alikuwaka anachekesha," jirani anajibu.

Alikuwaka. Na yeye anawasikia.

Jana Saidi aliniomba ufunguo wa pikipiki ya Ramazani. "Shemeji, itaoza bure. Na wewe ungali kijana, hatutakuacha inje." Alisema akitabasamu. Nikaelewa kwamba ameshatuhesabu pamoja, mimi na pikipiki.

Nikamuambia, "Shemeji, kaka yako anataka kupelekwa chooni. Anzia hapo."

Akatafuta viatu vyake, akaenda zake.

Lakini Ramazani alikuwa amesikia. Nilipomupelekea dawa, aliitema. "Dawa ya nini kwa mutu aliyeisha?"

Nilimushika taya kama ninavyomushika mutoto, nikangoja mpaka akameza. Alilia. Mimi sikulia.

Leo nikinyonyesha, nilijisikia nikimuambia mutoto: baba yako alikuwaka anapenda muhogo wa kuchoma.

Nikauma ulimi.

Kisha nikainuka, nikakunja ule mukeka, nikaurudisha kwa mama mukwe kwa heshima zote. Sukari pia. Anayekuja sasa aingie chumbani, amusalimie yeye.

Munauliza ninahitaji nini bado. Dawa yake ya presha, ya hapa inaisha. Muto mugumu wa kuegemea. Chupa za kuchukulia damu, zenye kifuniko, maana laboratwari ya hapa haina. Na wewe wa Kindu uliyepeleka damu yake ya pili, ile dokta aliyoichukua juzi, kupimwa huko, majibu uyatume kwangu, si kwa Saidi, si kwa mutu mwingine. Hata yakiwa mabaya. Nitamusomea mimi, mudomo karibu na sikio lake.