Nimeisoma, Sijaikubali

Jumatatu, 5 Mei

Barua! Mimi, Josée Lifoli, mkunga kwa miaka kumi na mmoja, napelekwa archives, chumba cha makaratasi ya zamani. Kosa langu: mimba ya miezi saba. Administrateur wa hospitali yetu, Papa Édouard, ameniita ofisini, akanipa kiti, akatabasamu kama mtu anayeposa. Eti ni kwa afya yangu. "Bon, Mama Josée, kazi ya sale ya kuzalishia iko nguvu sana. Utapumuzika kule na makaratasi." Nani alimwambia nimechoka? Akataka sahihi kwamba nimeipokea barua. Nikatia. Nikatoka nimevimba kwa hasira. Mtoto tumboni alikuwa anapiga mateke, na ana haki.

Jumanne, 6 Mei

Nimefanya ujinga. Ujinga mkubwa!

Mama Angélique, mkuu wetu wa wakunga, amenivuta pembeni akanionyesha nakala ya barua. Juu ya sahihi yangu, kwa mwandiko wangu mzuri: *lu et approuvé*. Nimeisoma na nimeikubali! Nilipaswa kuandika "nimeipokea", basi. Lakini mkono umezoea. Tangu shule ya wauguzi tunaandika hivyo kwenye kila karatasi — fomu ya dawa, ruhusa, hata siku tulipogawiwa magodoro. Nadhani wangeniletea hati ya kifo changu ningeandika lu et approuvé.

Sasa Papa Édouard anatangaza kila kona kwamba nimekubali mwenyewe. Na baada ya likizo ya uzazi, nitarudi chumba cha kuzalishia? "Tutaona." Naijua hiyo tutaona. Mkunga mwenzangu Lydie alirudi kutoka likizo yake mwaka jana akakuta nafasi yake ina mtu. Leo anafua mashuka, yeye aliyezalisha nusu ya mtaa huu.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya kupima wajawazito. Kuanzia kesho siruhusiwi tena. Exaucée alikuja, yule wa kijiji cha Yanonge kando ya mto, anayekaa kwa wifi yake hapa mtaa wa Tshopo akingoja kujifungua. Hii ni mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia kwingine: walimlaza chali, akasema mtoto amenyamaza, nao wakamwambia anyamaze yeye. Alitoka mikono mitupu.

Tangu mwezi wa tatu wa mimba hii nampima mimi tu. Tumeshapanga: atachuchumaa kwenye mkeka na kushika mabega yangu, kama mama yake alivyomzaa yeye. Leo amesikia habari za archives. Akanishika mkono. "Ya Josée, dada yangu, kama haiko weye, mi narudia Yanonge. Nitazala ku pirogue."

Kwenye mtumbwi! Damu ikianza kutoka, nani atamsaidia katikati ya mto?

Nimemwambia nitakuwepo. Nimeahidi kitu ambacho sina ruhusa nacho. Sawa. Nimeahidi.

Ijumaa, 9 Mei

Archives. Vumbi, mende, dirisha halifunguki. Viti vyote vina miguu mitatu. Hapa ndipo pa kupumzisha mjamzito!

Kwa kukosa kazi nikafungua madaftari ya zamani ya uzazi. Machi 2011. Safu ya mkunga: Angélique, Angélique, Angélique. Tarehe 14 amezalisha watatu, mmoja akiwa ametanguliza miguu. Tarehe 15, safu ya mama mzazi: Angélique! Mvulana, kilo tatu na nusu. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa vumbi. Kumbe mkuu wetu huyu anayenishauri niwe mpole alizalisha wenzake mpaka siku moja kabla ya wake. Papa Édouard amenifungia mahali penye silaha.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimpelekea Mama Angélique daftari. Akavaa miwani. Akaweka kidole juu ya jina lake. "Huyu njo Constant wangu," akasema. "Eh! Nilikuwa na nguvu."

Nikamwomba atie sahihi kwenye barua yangu ya kupinga uhamisho. Alikataa. Bado miaka miwili astaafu, naelewa, ila iliniuma. Halafu akaichukua, akaisoma, akaniambia nianze upya, nimekosea namba ya kifungu cha sheria. Tumeandika pamoja hadi saa nane mchana. Barua inasema: nilipokea, sikukubali, nadai chumba changu. Nakala moja kwa Papa Édouard. Nyingine nimeipeleka mwenyewe kwa mkaguzi wa kazi, ofisini kwake Makiso, kwa toleka, teksi ya baiskeli. Mwenye baiskeli alikanyaga polepole kama amebeba mayai. Nilimwambia akaze, siyo mimi wa kwanza kubeba mimba Kisangani.

Jumatano, 14 Mei

Jibu la Papa Édouard, mistari miwili. Nikikanyaga chumba cha kuzalishia, nimetoroka kazi, kwa hiyo nimejifukuza. Mkaguzi bado kimya.

Niliogopa. Nimelia kidogo chooni. Basi, yamekwisha.

Alhamisi, 15 Mei

Saa nne asubuhi, Safiya kaja mbio archives. Ndiye mkunga kijana aliyewekwa mahali pangu. Exaucée amefika, maji yamemwagika, ameshika mlango kwa mikono miwili na haingii. Wifi yake keshaita toleka ya kumpeleka mtoni.

Nilifunga archives, nikatia ufunguo mfukoni. Kuna njia ya nyuma, kupitia jikoni. Sikuipita. Nilipita mbele ya dirisha la Papa Édouard, tumbo mbele, taratibu, aone vizuri!

Sasa ni saa sita kasorobo. Njia imefunguka sentimita nane. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, nimeusikiliza mara nne na Exaucée ameusikiliza pia. Yuko kwenye mkeka, anapumua kati ya uchungu na uchungu. Naandika shajara hii nimesimama, nimeiegemeza ukutani.

Papa Édouard yuko nje ya mlango, anagonga. Amepitisha karatasi chini: nitoke mara moja, nitie sahihi. Mama Angélique, aliyeingia kusaidia, ameiokota akaniletea.

Nimechukua kalamu. Kwanza daftari la uzazi. Mtoto bado, lakini safu ya mkunga nimeijaza: Josée Lifoli, jina zima. Halafu karatasi yake. Mkono ulitaka kwenda kwenye mazoea yake, nikaushika. *Nimeisoma. Sijaikubali.*

Nilidhani Mama Angélique ataipeleka nje. Ameiweka chini ya sabuni, amefunga aproni, na ameegemeza mgongo wake mlangoni. Papa Édouard anasukuma. Mlango hausogei.

Exaucée ananiita. Anataka mabega yangu. Naacha kalamu hapa.