Mume Wangu na Mistari ya Wino

Ijumaa usiku

Nimelitupa lile dodoki la nailoni la Dubai. Siku hizi Kariakoo imejaa hayo. Mume wangu kajisugua nalo kwenye josho la Ijumaa mpaka kafuta mistari ya wino kiunoni, inayoelekeza mionzi kwenye saratani ya tezi dume. Jamani!

Hospitali niliingia naye, nikidhani tiba imeharibika. Nesi akacheka. "Shikamoo mzee. Tutapima tena, tutachora upya."

Daktari kasema Ulaya wanajaribu kuongeza sindano ya vinasaba, kuamsha kinga ya mwili isaidiane na mionzi. Sisi tuna mionzi tu, na uvimbe unapungua. Alhamdulillah.

Kesho nitamwogesha mwenyewe, kwa kitambaa. Kakubali, yeye aliyeona haya hata kunitajia ugonjwa uko wapi.