Nilimpa Loyce Sifuri kwa Jibu Sahihi

Mpendwa mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, jambo hili nimelibeba hadi nimechoka. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari huku Iramba, na tangu biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, hata sisi watumishi wa serikali, na mshahara ukawa haufiki popote, usiku nauza vitunguu kwa madereva wa malori pale Shelui, asubuhi narudi kufundisha nikiwa hoi, na siku moja katika hali hiyo niliandika ubaoni kwamba mitosisi hutoa seli nne na meiosisi mbili, darasa zima wakanakili nami sikushtuka. Kwenye jaribio msichana mmoja, Loyce, akaandika kinyume, nikampa sifuri, akasimama akasema, “Samahani mwalimu, kitabu cha kaka kinasema mitosisi ndiyo mbili,” nikamjibu, “Basi kaka yako aje akufundishe,” nikamtoa nje. Jioni nikafungua kitabu, nikakuta yuko sahihi. Wiki ya pili sasa hajaonekana, rafiki yake Dorkas anasema yuko kwao Mgori na baba yake amemwambia shule imemshinda, akalime. Mtihani wa taifa umekaribia. Nikikiri, nani ataniheshimu tena?

Mwalimu Z., Kiomboi

Marahaba, Mwalimu Z.

Pole. Kuuza vitunguu si aibu, na uchovu wako naujua. Lakini uchovu uliharibu ubao tu; aliyemtoa Loyce nje ni kiburi chako.

Kesho simama mbele ya darasa useme, “Nilikosea.” Kisha fundisha upya. Mitosisi: seli hugawanyika mara moja, zinapatikana mbili zinazofanana na ya kwanza, kromosomu idadi ileile; ndivyo mwili unavyokua na kidonda kinavyofunga. Meiosisi: hugawanyika mara mbili, zinapatikana nne zisizofanana, kila moja na nusu ya kromosomu, huko ndiko zinakotoka mbegu za kiume na mayai ya kike, na vikikutana idadi inatimia. Kagua kila daftari, usiwaachie wajirekebishe wenyewe.

Jumamosi vitunguu viache. Nenda Mgori mwenyewe, usimtume mtu. Mwamkie baba yake, umwambie binti akisikia, “Mzee, mwanao alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.” Akikufokea, nyamaza, umestahili. Akikataa kumrudisha, nenda tena Jumamosi ya pili.

Na usiende mikono mitupu. Mpelekee Loyce karatasi yake ya jaribio, ile sifuri ikiwa imekatwa kwa wino wako.